Hofu Isiachwe Iseme Peke Yake

Mada ya toleo hili ni hofu na uamuzi, na tumeamua kuiingia kwa mlango ambao wengi wenu hamkuutarajia: karata za taroti. Kabla msomaji hajalifunga jarida, tuseme msimamo wetu. Wasomaji wetu wengi, Waislamu kwa Wakristo, dini zao zimekataza uaguzi, na hatumwombi mtu auhalalishe. Wala hatuamini kwamba karata zilizochanganywa mezani zinajua kesho ya mtu. Tunachodai ni kidogo kuliko hicho: wanaozisoma karata hizi mbilimbili wamepata njia nzuri ya kuihoji hofu, na njia hiyo inafaa kuazimwa hata na asiyegusa karata maisha yake yote.

Taroti ilianza kama mchezo tu, kaskazini mwa Italia, katika karne ya 15. Wafaransa wanaucheza hadi leo bila kumtabiria mtu lolote. Habari kwamba imebeba siri za Misri ya kale ilienezwa na Antoine Court de Gébelin mwaka 1781, miaka 41 kabla Champollion hajatangaza namna ya kuyasoma maandishi ya Misri yenyewe. Karata zinazojulikana zaidi sasa zilitoka London mwaka 1909: Arthur Edward Waite alitoa maelekezo, Pamela Colman Smith akachora. Ziko 78. Jambo kubwa alilofanya Smith ni kuzipa picha za watu hata karata za namba, ambazo katika seti nyingi za zamani zilikuwa na alama tupu. Hapo wasiwasi ukapata sura.

Itazame Tisa ya Panga. Mtu ameketi kitandani usiku, ameziba uso kwa viganja. Nyuma yake ni giza, na panga tisa zimelala moja juu ya nyingine. Hakuna hata mmoja uliomchoma. Shuka lake limepambwa kwa waridi na alama za nyota, na ubavuni mwa kitanda pamechongwa mtu anayemwangusha mwenzake. Yeye haoni waridi wala hayo mapigano. Anaona viganja vyake tu.

Sasa iweke kando yake Ree ya Panga, yaani karata ya moja ya fungu lilelile, ambalo wacheza karata wa pwani wanalifahamu kwa jina la shupaza. Mkono umetoka winguni, umeshika upanga mmoja wima, na ncha yake imevishwa taji. Wasomaji wa taroti husema fungu la Panga ni la fikra, na hapo ndipo jozi hii inapotufundisha kitu. Hofu na uamuzi mzuri vimetengenezwa kwa chuma kimoja. Mwenye wasiwasi hajapungukiwa na akili. Anawaza sana, mambo tisa kwa mpigo, na hajachagua la kuanza nalo. Swali la jozi hii basi ni moja: katika haya tisa, lipi ni la leo?

Mpangilio nao una maana. Tisa ikitangulia na karata ya Haki ikafuata, msomaji huambiwa apime: ushahidi uko wapi, na una uzito gani? Haki ya Smith ameshika upanga mkono mmoja na mizani mkono wa pili, na macho yake yako wazi, tofauti na sanamu nyingi za mahakamani. Haki ikitangulia na Tisa ikafuata, mambo yamegeuka. Uamuzi umekwisha kutolewa, hofu imekuja baadaye, na kuupima upya kila usiku hakumsaidii mtu. Kilichobaki ni kujifunza kuishi nao. Tisa ikikaa na Mwezi, wenye njia inayopita kati ya mbwa na mbwamwitu chini ya mwanga hafifu, usomaji wenye busara ni kutoamua lolote mpaka kupambazuke.

Mtu wa pwani hana haja ya kwenda Italia kuitafuta kanuni hii ya kusoma mbilimbili. Katika ramli, alama ya 13 na ya 14 huitwa mashahidi, na hujumlishwa zikazaa ya 15, ambayo ni hakimu, au mizani. Shahidi mmoja hatoi hukumu. Tena hesabu yenyewe ina kinga: nukta za hakimu lazima ziwe shufwa. Zikitoka witiri, mpigaji amekosea mahali na hana budi kurudia kazi. Usadiki utabiri au usisadiki, huo ni utaratibu unaomkagua anayeutumia.

Taroti haina kinga ya namna hiyo, na hapa tunatofautiana na mashabiki wake. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ameandikiwa yeye. Waliyapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale. Kwa hiyo mtu mwenye hofu anaweza kuigeuza karata yoyote ikawa shahidi wa hofu yake. Hata Haki kwake itakuwa mwendesha mashtaka. Na asiporidhika atachanganya tena, afunue tena, mpaka ipatikane ya kumtuliza au ya kumtisha vizuri zaidi. Kufunua mara ya pili kwa swali lilelile ni wasiwasi wenyewe ukiwa kazini.

Ndiyo maana tunaitetea jozi na kuikataa bahati. Karata ya pili ina faida pale tu inaporuhusiwa kumpinga mwenye swali. Makala za toleo hili zinalichukua wazo hilo na kulipeleka mbali na meza ya karata: kwenye chumba cha daktari anayeomba maoni ya mwenzake kabla ya upasuaji, kwenye baraza la wazee linalosikiliza pande zote mbili, na kwenye daftari la mama muuza duka anayeogopa deni.

Tunakuomba ulijaribu kabla ya kugeuza ukurasa. Andika hofu yako kwa sentensi moja. Chini yake andika sentensi inayoipinga, yenye jambo unaloweza kulithibitisha, kisha uamue baada ya kuzisoma zote mbili. Ukiona sentensi ya pili inakubaliana na ya kwanza, bado hujaiandika.