Fidia ya Fundi Aliyeanguka Si Sadaka

Mavuno yakishaingia ghalani na mahindi yakapata bei, Laela huanza kujenga. Tofali za kuchoma hupangwa kando ya barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga, mirunda husimamishwa, na vijana hupanda juu kumwaga linta, kupaua na kupiga lipu. Tangu makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga yaletwe hapa, kazi hizo zimeongezeka, na hiyo ni neema. Lakini kiangazi ndicho pia kipindi cha upepo mkali wa nyanda hizi za Ufipa, na ubao uliolazwa juu ya mirunda bila kupigiliwa misumari hauhitaji upepo mwingi.

Anapoanguka mmoja wao, jamii yetu ina desturi inayofahamika. Majeruhi hukimbizwa kwenye matibabu, siku ya Ijumaa hutangazwa mchango, mwenye jengo huleta gunia la mahindi na kutoa pole, na wazee humaliza kwa kusema kwamba ajali haina kinga. Moyo huo wa kusaidiana tunauenzi, na tunaomba usipungue. Hata hivyo, ndugu msomaji, kuna jambo moja ambalo desturi hiyo hulifunika, nalo ni kwamba mtu aliyeumia akiwa kazini kwanza ni mdai, kabla hajawa mhitaji. Anayestahiki deni akilipwa kwa sadaka, deni halijalipwa.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, inatumika Tanzania Bara, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaojulikana kwa kifupi kama WCF, ulianza kazi Julai 2015. Msingi wake ni mwepesi kueleweka. Mfanyakazi aliyeumia kwa ajali iliyotokana na kazi hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri wake alifanya uzembe. Inatosha kwamba aliumia akitekeleza kazi hiyo. Waajiri wote huchangia katika chungu kimoja, na chungu hicho ndicho kinachombeba aliyeumia. Wanafunzi wa fiqhi hawatashangaa, kwani wanaijua aqila, yaani jamaa wanaochangia diya pale mmoja wao anapoua bila kukusudia, ili haki ya waliofiwa isipotee kwa umaskini wa mtu mmoja. Ujerumani ilitunga sheria ya bima ya ajali kazini mwaka 1884 kwa hoja inayokaribiana na hiyo, ya kugawana mzigo.

Mafao yenyewe ni saba: matibabu, malipo ya ulemavu wa muda, malipo ya ulemavu wa kudumu, malipo kwa ajili ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, huduma za utengamao, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki. Aliyelazwa asiweze kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Fundi aliyekuwa akipata shilingi 300,000 kwa mwezi atapata 210,000. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo hulipwa kwa pensheni ya kila mwezi. Tunamwomba mama wa nyumba anayesoma ukurasa huu alitazame fao la nne kwa makini, maana mara nyingi ni yeye anayeacha shamba la maharage na kukaa miezi kadhaa kando ya kitanda cha mumewe.

Mchango huo hulipwa na mwajiri peke yake, na si halali kuukata katika ujira wa mfanyakazi. Kwa sekta binafsi kiwango kilianza na asilimia moja ya mishahara, na sasa ni nusu asilimia. Anayelipa mishahara ya shilingi 2,000,000 kwa mwezi anadaiwa shilingi 10,000 tu. Hatuoni vipi kiasi hicho kiwe sababu ya mwajiri kukwepa kujisajili.

Ugumu upo kwa kibarua. Mwenye jengo humpa kazi fundi mkuu, naye humchukua saidia fundi kwa siku, bila karatasi. Akianguka, kila mmoja humwonesha mwenzake kidole. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, haikuishia kwenye karatasi. Inamchukulia mtu kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, au anapewa vifaa vya kazi, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa hiyo neno "huyu ni kibarua tu" si hukumu.

Majengo yanapoporomoka, taifa zima husimama. Tulisimama Machi 29, 2013, jengo la mtaa wa Indira Gandhi lilipoua watu 36 jijini Dar es Salaam, na tukasimama tena Novemba 16, 2024, kwa msiba wa Kariakoo. Anayeanguka peke yake kwenye kenchi hapa Laela hasimamishi mtu. Haundiwi tume, na kumbukumbu za ajali yake zitawekwa na jamaa zake au hazitawekwa kabisa. Basi waandike tarehe, saa, mahali na majina ya walioshuhudia. Wahifadhi vyeti vyote vya hospitali, pamoja na ujumbe wa simu unaoonesha malipo ya ujira, kwani huo ni ushahidi wa ajira. Wamjulishe mwajiri mara moja, kwa maandishi ikiwezekana, naye anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku saba. Wala wasikubali kutia saini karatasi ya kusema hawatadai chochote.

Hapa ndipo desturi ya mchango, pamoja na wema wake, inapoweza kumdhuru majeruhi. Madai ya fidia yana muda, nao ni miezi 12 tangu siku ya ajali. Familia iliyotulizwa kwa gunia na pole huona haya kudai, husubiri mgonjwa apone, na mwaka hupita. Mchango umekwisha, mgongo haujapona, na haki nayo imelala.

Wapo watakaosema kwamba kudai ni kukosa subira na kadari. Mtume (s.a.w.) alifundisha ngamia afungwe kwanza, ndipo mtu ategemee, na akahimiza ujira ulipwe kabla jasho la mfanyakazi halijakauka. Kumwamini Mwenyezi Mungu hakumwondolei mwajiri dhamana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka atoe vifaa vya kinga bila malipo, navyo kwa anayefanya kazi juu ni pamoja na mkanda wa usalama na kofia ngumu. Ajali nyingi zina kinga, ila kinga hiyo inagharimu fedha.

Neno la mwisho linatuhusu sisi wa kamati za misikiti, kwa sababu nasi hupandisha watu kwenye minara na mapaa. Kabla ya kumkabidhi mtu kazi tumuulize kama amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, tumwombe uthibitisho wa kusajiliwa kwake na Mfuko, na tuandike katika mkataba nani ni mwajiri wa vijana wake. Gharama ya jukwaa imara na mikanda iingie kwenye bajeti kabla ya gharama ya rangi na vigae. Waumini wakituuliza kwa nini mnara unachelewa, tuwasomee bajeti hiyo, na inshaallah wataelewa.

Wabillahi tawfiq.