Mbwa Aliyeokolewa ni Amana Mpaka Apate Kwao



Dada yetu mmoja aliyeolewa Matinyani, kaunti ya Kitui, ametuletea swali. Jirani yake amehama na kumwacha jike la mbwa pamoja na watoto wanne. Watoto wa dada huyu huwapelekea makombo nyuma ya zizi. Mama yake mzazi, aliye huku pwani, amemwambia awafukuze, kwani nyumba yenye mbwa haiingii Malaika wa rehema. Naye anauliza: je, yafaa awatunze kwa muda, mpaka wapatikane watu wa kuwachukua?

Dada yetu, mama yako amesema neno lenye asili, wala usimjibu kwa ukali. Hadithi ya Malaika ni sahihi. Pia Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayefuga mbwa bila ya haja hupunguziwa thawabu zake kila siku. Lakini Mtume huyohuyo alimtoa katika hukumu hiyo mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Na Qur'ani, katika Suratul Maida aya ya 4, imehalalisha windo la mnyama aliyefundishwa, na katika Suratul Kahf imemtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyelala kizingitini. Zingatieni mahali alipolala: mlangoni, si kitandani.

Basi hukumu yako imesimama juu ya makusudio yako. Hukumchukua mbwa kwa fahari wala kwa mchezo. Unamwokoa na njaa ili umfikishe kwenye kazi aliyoruhusiwa. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, katika kauli iliyo sahihi zaidi, wamejuzisha kumlea mtoto wa mbwa ili aje afundishwe kulinda mifugo au shamba. Kwa hiyo yafaa, kwa sharti kwamba makao yao yawe nje ya nyumba na kwamba kweli uwatafutie kwao. Ukiacha kutafuta, umegeuka mfugaji, na hukumu nayo itageuka.

Ama najisi, isikutishe kupita kiasi. Kwa madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito, ingawa Imam Malik (Mwenyezi Mungu amrehemu) alimhesabu kuwa tohara. Hata kwetu, kikavu kwa kikavu hakinajisishi. Kilicholowa mate yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Watengee chombo chao, wekeni nguo za sala mbali, na kazi itakuwa nyepesi.

Hapa ndipo penye uzito wa swali lako, maana umeandika kwamba maji mnayafukua katika mchanga wa mto na kuyabeba mgongoni. Kila kata unayompa mbwa umeitolea jasho. Basi mkumbuke yule mtu aliyeshuka kisimani kwa kiu, alipopanda akamwona mbwa anakula udongo wenye unyevu kwa kiu ileile. Akashuka tena, akajaza kiatu chake maji, akakibana kwa meno, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Na mafakihi wetu wamesema: mwenye maji kidogo, akiwa na mnyama mwenye kiu asiyekuwa mwenye kudhuru, maji ni ya mnyama na yeye atayamamu. Tazameni, akina mama, udhu wenyewe umepisha kiu ya mnyama!

Lakini rehema haiondoi tahadhari. Kichaa cha mbwa kikishadhihirisha dalili zake kwa mwanadamu, karibu hakuna anayepona. Kenya ilitoa mwaka 2014 mpango wa kukitokomeza ifikapo 2030, na Kitui na Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizoteuliwa kuanza. Basi muulize afisa wa mifugo lini kuna chanjo. Mama mbwa achanjwe sasa, watoto wakitimiza miezi mitatu, na kisha kila mwaka. Mwana akiumwa au akikwaruzwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Watoto wako wasimkaribie jike anaponyonyesha, kwani hata mpole huuma kwa ajili ya wanawe.

Usiwatenganishe na mama yao kabla ya kutimiza wiki nane hivi. Wakati huo huo tafuta wenyewe: mwenye mbuzi, mwenye shamba linaloliwa na nyani. Muulize: atamlisha nini, atamfunga wapi, atamchanja? Asiyekuwa na jibu usimpe. Wala usipokee thamani, kwani bei ya mbwa imekatazwa. Ukikosa watu kijijini, liko shirika la KSPCA, lenye makao Karen, Nairobi, ambalo hupokea wanyama waliotupwa na kuwatafutia wenyewe. Wapigie kwanza uwaulize kama wana nafasi. Kuwatia guniani na kuwaacha sokoni usiku si kuwapa kwao. Hivyo ndivyo alivyofanya jirani yako.

Siku ya kuwatoa, wanao watalia. Waache walie, kisha waambie kwamba hii ndiyo amana: unapewa kisicho chako, unakitunza kama chako, na siku yake ikifika unakitoa kikiwa salama. Somo hilo watalihitaji watakapokabidhiwa mali ya yatima.

Nasi wa pwani tuna letu. Watoto wetu wanatoka madrasa wakiwa wamehifadhi hukumu ya kuosha mara saba, na njiani wanampiga mbwa mawe. Wamejifunza kwamba mate yake ni najisi, hatukuwafundisha kwamba kiu yake ni haki. Mzazi, mwanao akirudi leo muulize amemfanyia nini mnyama aliyekutana naye njiani.

Dada, msomee mama yako haya kwa upole, na umwombe dua.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.