Kilele cha Pistoni Katika Kipindi cha Hisabati

Yapo mambo ambayo mwalimu wa shule ya msingi huyapita haraka kwa kudhani kuwa ni ya mafundi peke yao. Mojawapo ni kutafuta kilele cha pistoni, yaani mahali pa juu kabisa ambapo pistoni hufika ndani ya silinda kabla ya kugeuka na kushuka. Fundi anayerekebisha wakati wa cheche hana budi kupajua mahali hapo, kwa sababu cheche ya plagi hupaswa kuruka punde kabla pistoni haijafika. Ikiruka mapema mno, injini hupiga kinyume na kuweza kumuumiza anayeiwasha. Ikichelewa, injini hukosa nguvu na kupata joto kupita kiasi. Maoni yetu ni kwamba jambo hili lafaa kufundishwa shuleni, tena katika kipindi cha hisabati.

Nachingwea si mahali pageni kwa injini. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yakaletwa, reli ikajengwa kutoka pwani, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Matrekta mengi, hasa ya Kongwa, yalikuwa yameharibika mapema mno. Habari hiyo ni ya mwalimu wa historia. Siku hizi mwanachuo atakayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha Nachingwea au Ruangwa hahitaji kutafuta trekta. Katika mashamba ya mikorosho ipo mashine ya kupulizia salfa dhidi ya ubwiri unga, ambayo mkulima huibeba mgongoni. Injini yake ina silinda moja, na pistoni hufikia kilele mara moja katika kila mzunguko. Kwa darasa, hiyo ni zana bora kuliko injini ya gari.

Lakini somo lisianze na mashine, wala lisianze na mchoro ubaoni wenye majina ya vipuri kumi na viwili ya kukariri. Lianze na kadibodi. Mwalimu akate duara, alipigilie msumari katikati, na achome pini sentimita 4 kutoka katikati. Pini hiyo ni mkono wa krenki. Ukanda wa kadibodi wenye matundu mawili yaliyoachana sentimita 14 uwe konrodi, na kasha la kiberiti linaloteleza kati ya vijiti viwili liwe pistoni. Sasa awaite wanafunzi sita, mmoja mmoja, kila mmoja alizungushe duara mpaka aone kasha limefika juu kabisa, kisha atie alama pembeni mwa duara. Mwalimu asiseme neno. Alama sita zitatokea mahali mbalimbali, na kila mtoto ataapa kuwa yake ndiyo sahihi.

Hapa ndipo penye kiini cha somo, na tunamsihi mwalimu asipapite mbio. Watoto wale hawana macho mabovu. Karibu na kilele, duara hugeuka lakini kasha halisogei ila kidogo sana. Ukiligeuza duara digrii 10 kutoka kilele, kasha hushuka chini ya milimita 1. Digrii 10 hizo hizo, mkono wa krenki ukiwa umelala ubavu, hulisogeza kasha kama milimita 7. Basi anayetafuta kilele kwa kutazama kilele amechagua kupima mahali pabaya kuliko pote. Ndivyo ilivyo hata kwa mtu aingizaye spoku ya baiskeli katika tundu la plagi na kungoja isimame kupanda: atafika jirani, lakini katika injini digrii 5 za makosa si jambo dogo.

Mwalimu sasa aweke kizuizi, tuseme pini iliyochomwa sentimita 1 chini ya kilele, ili kasha lisiweze kufika juu. Duara ligeuzwe kulia mpaka kasha ligote, alama itiwe. Ligeuzwe kushoto mpaka ligote tena, alama ya pili itiwe. Kilele kipo katikati ya alama hizo mbili. Mwanafunzi achukue bikari na aigawe pembe sawasawa, kama alivyofundishwa bila kuambiwa ni kwa kazi gani. Kisha kizuizi kihamishwe. Alama zote mbili zitahama, ila katikati yake itabaki pale pale. Darasa likiliona hilo kwa macho yake, mwalimu hana haja ya kulithibitisha kwa maneno.

Baada ya hapo mashine iletwe, ikiwa baridi, mafuta yamefungwa na plagi imetolewa. Kizuizi chenye ncha butu, akifunge mwalimu au fundi, na gurudumu la injini lizungushwe polepole kwa mkono. Mzingo wa gurudumu upimwe kwa uzi. Ukiwa sentimita 44, na alama zikiachana sentimita 8.8, kilele kipo sentimita 4.4 kutoka kila alama. Aghalabu mtoto mmoja atauliza: mbona kuna njia mbili za kwenda kutoka alama hadi alama, fupi na ndefu ya sentimita 35.2? Swali hilo lina thamani kuliko somo zima. Kilele kimo katika kipande ambacho gurudumu lilizuiwa kukipita. Katikati ya kipande kirefu ndipo pistoni ilipo chini kabisa.

Injini ya gari ina jambo moja la ziada. Pistoni yake hufika juu mara mbili kabla cheche yake haijarudi, mara moja ikigandamiza hewa na mara nyingine ikitoa moshi. Fundi huziba tundu la plagi kwa kidole, na hewa ikisukuma kidole ajua ni safari ya kwanza.

Wapo watakaosema kuwa kazi hii ni ya vyuo vya ufundi. Hatukubaliani nao. Hatumfundishi mtoto kutengeneza injini. Twamfundisha kupima asichoweza kukiona kwa kutumia viwili anavyoviona. Na shule isiyopata mashine kabisa inacho kijiti na jua. Mwishoni mwa Juni, kijiti cha mita 1 kilichosimamishwa uwanjani Nachingwea hutoa kivuli cha sentimita 67 hivi jua likiwa juu kabisa, lakini dakika ya kivuli kifupi haionekani, kwa sababu ile ile ya kasha la kiberiti. Duara kubwa lichorwe kukizunguka kijiti, alama itiwe ncha ya kivuli inapolivuka duara asubuhi, na nyingine alasiri. Mstari unaoigawa pembe hiyo huelekea kusini barabara. Keshoye, kivuli kikiufikia mstari huo, watoto watazame saa: itakuwa saa sita na dakika 28 hivi, nao watauliza kwa nini si saa sita kamili. Mwalimu wa jiografia awepo karibu, mwenye ramani na mstari wa longitudo 45.