ADA IMEONDOKA, MZAZI JE?

Shule ya wasichana ya Kilakala, pale Morogoro chini ya milima ya Uluguru, iliasisiwa na masista wa Maryknoll kwa jina la Marian College. Baadaye Serikali ikaitwaa. Katika shule za Serikali ada ziliondolewa Januari 2016 hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 cha tano na sita. Twashukuru, japo ni wapinzani. Lakini wako wazazi wadhanio kuwa pamoja na ada wameondolewa wao pia. Chuoni kwetu mzazi alimsikiliza mwana juzuu yake jioni, hata asiyejua herufi. Nayo bodi ya shule, yaitwa kushauri, au kupiga mhuri yaliyokwisha kukatwa? Twataka hesabu za ruzuku zibandikwe mlangoni pa shule, kwa Kiswahili.