Kubadili Nenosiri Kila Mwezi Hakukulindi

Mshauri mmoja wa kompyuta ameandika kwamba usalama ni kubadili nenosiri kila siku 30, kulijaza alama na kutoliandika popote. Amepitwa na wakati.

Tuanze na hizo siku 30. Mwizi aliyenasa nenosiri lako anaweza kulitumia usiku uleule. Hahitaji kungoja mwisho wa mwezi kama mwenye nyumba anayedai kodi. Na anayelazimishwa kubadili hufanya nini? "Zanzibar1" linakuwa "Zanzibar2", kisha "Zanzibar3". Hata mtoto atabahatisha linalofuata. Bill Burr, aliyeandika mwongozo uliosambaza ushauri wa namna hii katika taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, mwaka 2003, alisema mwaka 2017 kwamba anaujutia. Mwaka huohuo NIST iliuacha. Microsoft ikafuata 2019. Mshauri wetu bado anauhubiri!

Alama? Programu za wadukuzi zinajua zamani kwamba "a" hugeuzwa "@". Urefu ndio unaozichosha. Na kuliandika? Daftari lililofungiwa kabatini halifikiwi na mdukuzi aliye ng'ambo.

Weka nenosiri refu, tofauti kwa kila akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, na libadili siku unaposhuku limevuja.