Kucha za Akriliki Zinazobanduka: Kazi ya Binti Yetu na Amana ya Mteja



Ndugu zetu wasomaji, kila inapokaribia Idi au msimu wa harusi, saluni za mitaani kwetu hujaa. Zamani foleni ilikuwa ya hina na kusuka. Siku hizi kina dada wengi wanataka kucha za akriliki, na penye wateja pana riziki. Ndiyo maana mabinti zetu waliomaliza shule nao wanajifunza kazi hiyo. Wazazi wanauliza: tumwache au tumzuie? Mabinti wenyewe wana swali lao: mbona kucha ninazobandika zinabanduka baada ya siku tatu?

Sisi tunaona maswali haya mawili yana mzizi mmoja, nao ni kile kilichopo chini ya akriliki, mahali ambapo mteja haoni.

Tuanze na swali la binti. Akriliki ni unga na maji yake maalumu. Brashi ikilowanishwa katika maji yale na kuguswa kwenye unga, hutoka kitonge laini kinachokauka na kuwa kigumu juu ya ukucha. Kitonge kikiwekwa juu ya mafuta, unyevu, vumbi au utando wa ngozi iliyokufa, hakikushika ukucha bali kimeshika uchafu. Uchafu ukiachia, nacho kinaachia. Mwanafunzi wengi hulaumu gundi, kumbe kosa lilifanyika kabla chupa haijafunguliwa.

Kwa hiyo kazi kubwa ni maandalizi. Mteja anawe mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri, lakini asiloweke kucha majini, kwa kuwa ukucha hunywa maji na kuvimba, kisha ukisinyaa akriliki huachia. Sukuma taratibu ngozi ya shina la ukucha na uondoe ule utando mwembamba uliobaki juu yake. Ondoa mng'ao wa ukucha kwa tupa laini, bila kuusaga, maana ukucha uliosagwa ni dhaifu na akriliki haitadumu juu yake. Futa vumbi, paka dawa ya kukausha, kisha praima kidogo sana. Kuanzia hapo usiguse ukucha kwa kidole, kwani mafuta ya kidole chako yanatosha kuharibu yote.

Wakati wa kuweka, kitonge kisiwe cha majimaji kinachotiririka wala kikavu kinachovunjika. Acha nafasi nyembamba kati ya akriliki na ngozi. Akriliki ikigusa ngozi itainuka tu, na ngozi inayoguswa mara kwa mara na maji yale inaweza kupata mzio unaodumu maisha. Kingo ziwe nyembamba, na dirisha liwe wazi ili hewa ipite. Mwisho mwambie mteja avae glavu anapoosha vyombo, asifungulie makopo kwa kucha, na arudi baada ya wiki mbili au tatu ujaze pale ukucha ulipokua.

Sasa tufike mahali penye mtihani. Mteja amerudi, ukucha umeinuka upande mmoja. Njia ya mkato ni kudondosha gundi, kuubana na kumwambia umepona. Dakika mbili tu, pesa imeingia. Lakini maji ya kunawia na kufulia yameshaingia chini, na gundi imeyafungia humo. Katika unyevu ule bakteria aitwaye Pseudomonas huota na kuugeuza ukucha rangi ya kijani. Wengi hudhani ni fangasi, wakafunika tena.

Imepokewa na Muslim kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) alipita sokoni penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani yake, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji alieleza kuwa ni mvua. Mtume akamlaumu kwa kutoiweka ile iliyolowa juu ambapo watu wangeiona, na akajitenga na mwenye kughushi. Ndugu zetu, rundo lile na ukucha uliopigwa gundi vina tofauti gani? Juu pakavu, chini maji.

Kinachotakiwa ni kuondoa sehemu iliyoinuka kwa tupa, au kuloweka yote katika asetoni mpaka ilainike, bila kung'oa kwa nguvu, kisha kuanza upya. Ukiona ukijani, usifunike. Ondoa, mwache mteja akae bila akriliki na umshauri aende kwa daktari. Utapoteza malipo ya siku ile, lakini amana yako itabaki.

Tahadhari nyingine: ukucha usiobanduka kabisa si lazima uwe mzuri. Kuna maji ya akriliki ya bei rahisi yenye kemikali iitwayo methili methakrilati. Hushika mno, hayalainiki upesi kwa asetoni, na ukucha ukijigonga hung'oka pamoja na ule wa asili. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ilipokea malalamiko ya watu walioumia, ikaenda mahakamani na kuziondoa sokoni bidhaa zilizokuwa za kemikali hiyo tupu. Binti asinunue chupa isiyo na maelezo kwa sababu tu ni rahisi.

Tumerudi sasa kwenye swali la wazazi, na hapa pana jambo zito kuliko yote. Aya ya udhu katika Suratul Maidah, aya ya 6, inaamrisha kuosha mikono mpaka viwiko, na kucha zimo. Imepokewa pia na Muslim kwamba mtu mmoja alitawadha akaacha mguuni sehemu ya ukubwa wa ukucha bila kupata maji, na Mtume (S.A.W.) akamrudisha akautengeneze udhu wake. Akriliki inazuia maji. Rangi ya kucha dada anaweza kuipaka katika siku zake na kuifuta kabla ya kuoga, lakini akriliki hukaa wiki kadhaa, huku josho na swala tano za kila siku zikimngoja. Ndiyo maana wanachuoni wanaitaka iondolewe. Hina haina tatizo hilo, kwani inaacha rangi tu.

Wapo wanaosema binti afunge kazi hiyo mara moja. Wapo wanaosema kazi ni kazi, swala ni ya mteja mwenyewe. Sisi hatukubaliani na upande wowote kikamilifu. Wateja wa saluni si Waislamu peke yao, na mkono wenye ujuzi ni neema. Lakini kunyamaza mbele ya dada anayeswali, ukijua anachokwenda kukipoteza, ni kuficha unyevu chini ya nafaka kwa mara ya pili. Amwambie kabla ya kuanza, kwa upole, bila kumhukumu. Ampe badala yake: kusafisha kucha, kuzikata na kuzipa umbo, na hina ya kupendeza. Tunaona ni bora malipo ya akriliki ya dada huyo yapotee. Mwenye hali yake mahususi amuulize sheikh wa msikiti wake.

Nanyi wazazi, msimkatae binti kwa kelele kisha mkamwacha ajifunze kwa kubahatisha kwenye vidole vya watu. Mlipieni mafunzo kwa fundi anayejua kazi. Mkae naye jioni mmuulize leo kipi kilibanduka na alifanyaje. Jibu lake litawaonyesha kama amejifunza ufundi peke yake au amejifunza na uaminifu.

Mwenyezi Mungu awabariki mabinti zetu katika mikono yao, awape riziki ya halali na atutakabalie swala zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.