Kufunguliwa kwa masharti: nani ana haki ya kusema mfungwa atoke?

Huku Bukavu, mfungwa akionekana tena mtaani kabla ya kifungo chake kuisha, maneno yanaanza mara moja: amelipa, ametoroka, ao ana ndugu mkubwa Kinshasa. Lakini kuna njia ya sheria ya kutoka mapema. Inaitwa kufunguliwa kwa masharti, na ni wachache wanaoijua.

Njia hiyo ni ya zamani. Iko ndani ya kitabu cha sheria ya makosa, kilichotokana na dekreti ya 30 Januari 1940, wakati wa Wabelgiji. Kifungu cha 35 kinasema kwamba aliyehukumiwa anaweza kufunguliwa akiisha kutimiza robo ya kifungo chake, ikiwa amekaa ndani zaidi ya miezi 3. Kwa aliyehukumiwa maisha, lazima awe amepita miaka 5 gerezani.

Hapa neno la kushika ni «anaweza». Robo ikitimia, mlango haufunguki wenyewe. Na anayetoka hajasamehewa. Tuchukue mtu aliyepewa miaka 8. Akitoka kiisha miaka 2, amebakiza 6. Sheria inazidisha hiyo 6 mara mbili: kwa miaka 12 anabaki chini ya masharti. Akifanya mwenendo mubaya ao akivunja masharti aliyoandikiwa, wanaweza kumrudisha ndani.

Tusichanganye mambo. Msamaha wa Rais uko katika kifungu cha 87 cha Katiba. Amnistia inapitishwa na bunge kwa sheria. Na yule ambaye bado hajahukumiwa, kufunguliwa kwa masharti hakumuhusu hata kidogo. Yeye anaomba tribinali ao parke impe uhuru wa muda. Ni jambo zito, maana magereza yetu yamejaa watu wanaongoja hukumu. Gereza kuu la Bukavu lilijengwa kwa ajili ya watu 500, na kwa miaka mingi limebeba mara nyingi zaidi.

Sasa, nani anaamua? Kwetu hakuna komisheni wala komisari wa kazi hiyo. Dosie inaanzia gerezani, kwa mkubwa wa gereza anayejua mwenendo wa mfungwa. Parke inatoa mawazo yake. Kisha waziri wa sheria ndiye anatia sahihi, Kinshasa. Mtu wa Bagira ao wa Walungu anaamuliwa na ofisi ambayo haijamuona hata siku moja.

Jirani zetu wa Tanzania walichagua njia ingine. Sheria yao ya mwaka 1994 iliunda bodi za parole, moja ya taifa na zingine za mikoa. Mfungwa lazima awe ametumikia theluthi moja ya kifungo, na waliofungwa maisha wamewekwa inje ya mpango huo. Lakini hata kule swali la nani anastahili kukaa kwenye kiti hicho halikosi. Mwaka 2016 Rais Magufuli alimuteua Augustine Mrema kuwa mwenyekiti wa bodi ya taifa. Huyo alikuwa mwanasiasa maarufu, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya ndani kisha kiongozi wa upinzani. Kwa hiyo kuwa na bodi hakuondoi siasa. Faida yake ni kwamba watu kadhaa wanakaa pamoja mbele ya dosie moja, na raia anajua kwa nani ataenda kuuliza.

Anayefanya kazi hiyo anapaswa kuwa na nini? Kwanza, ajue sheria na kuhesabu muda bila kukosea. Pili, asiwe na faida yake kwa yule anayetoka. Tatu, awasikilize walioumizwa. Kwa Kivu ya Kusini hili la tatu ni kubwa. Mwezi wa Desemba 2017, korti ya kijeshi iliwahukumu watu 11 kifungo cha maisha kwa ubakaji wa watoto wa Kavumu, na mmoja wao alikuwa mbunge wa jimbo. Mzazi wa kule akisikia «miaka 5», ana haki ya kuuliza: nani atanijulisha kabla mtu hajatoka?

Katikati ya Februari 2025, M23 walipoukaribia muji, wafungwa wa Bukavu walitoroka. Kutoroka si kufunguliwa. Hukumu yao inabaki palepale. Ila tangu hapo mnyororo umekatika: waziri yuko Kinshasa, na parke na tribinali za serikali zilisimama huku. Aliyekuwa amekaribia robo yake kwa mwenendo muzuri hana mahali pa kupeleka dosie. Na aliyeumizwa hana mahali pa kupinga.

Kwa jamaa zote mbili kuna jambo moja la kufanya leo: kuchunga karatasi. Kopi ya hukumu, tarehe ya kukamatwa, barua zote za parke. Siku ofisi zitakapofunguliwa tena, yeyote atakayetia sahihi ataanza na hizo. Na bila hizo, ni yale maneno ya mtaani ndiyo yatabaki kuwa ushahidi.